Karatasi ya sigara ndani ya plagi

Moto ulipozimika, kila aliyekuja kutupa pole aliuliza chanzo, na kila mmoja nilimjibu yale yale: hitilafu ya umeme. Maneno hayo yana kazi kubwa nchi hii. Ukishayatamka, mwenzako anatikisa kichwa, anasema "umeme huu jamani," kisha mnahamia kwenye bei ya sukari. Hakuna anayeuliza huo umeme ulifanywa nini hata ukahitilafiana na mwenye nyumba.

Mimi nilijua. Nilijua tangu nikiwa nimesimama uani na ndoo mkononi, nyusi zimeungua, naangalia moshi mweusi kama wa tairi ukitoka kwenye chumba nilichokihangaikia miaka sita. Nikanyamaza siku kumi na moja.

Studio yangu iko uani kwa mama, Kihonda, Morogoro. Zamani ilikuwa stoo ya mahindi: futi 10 kwa 12, tofali za inchi 6, bati, mlango mmoja unaofungukia ndani na dirisha dogo. Dirisha nililiziba kwa tofali ili kelele za bodaboda zisiingie. Kuta nikazivisha sponji. Waliopitia studio za uani wanaijua hii: unanunua magodoro mawili ya mtumba, unayakata vipande, unayapaka gundi ya fundi viatu, unabandika. Kwenye dari unapanga trei za mayai. Unapiga picha na taa ya bluu, unaposti, wateja wanakuja. Na walikuja kweli. Nimerekodi kwaya, kaswida, vijana wa bongo fleva wasio na idadi, na matangazo ya gari la spika ya minada.

Umeme wote wa chumba kile ulitoka kwenye soketi moja. Soketi ilibeba ekstensheni, ekstensheni ikabeba kompyuta, spika, mixer, AC ya mtumba na birika la umeme. Waya wake ulikuwa mrefu kuliko nilivyohitaji, basi kama mita nne hivi nilizikunja kama kamba ya mbuzi na kuzisokomeza nyuma ya sponji, zisionekane kwenye picha.

Plagi ya ile ekstensheni ilikuja na fyuzi ya amp 10. Siku AC na birika vikiwaka pamoja, baada ya muda fyuzi inakata. Mara ya kwanza nikanunua nyingine. Mara ya pili nikanunua nyingine. Mara ya tatu ilikuwa usiku, kwaya imeshajipanga, maduka yamefungwa. Nikaokota pakiti tupu ya sigara nje ya geti, nikachana ile karatasi yake ya fedha, nikaiviringisha kwenye fyuzi iliyokufa, nikafunga plagi. Ikawaka. Haikukata tena kwa miezi minane, nami nikajiona fundi.

Siku ya moto ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Februari, lile joto la kabla ya masika. Tulikuwa watatu: mimi, kijana niliyekuwa namfundisha kazi, na binti mmoja aliyekuja kuweka sauti. Tulitoka kwenda kuusikiliza wimbo chini ya mwembe kwa spika ya simu, maana wimbo ukikaa vizuri kwenye spika mbovu umekaa vizuri kweli. Kijana alikuwa ametega birika la chai. AC tuliiacha inapuliza ili tukirudi chumba kiwe kimepoa.

Harufu ilianza kama ya mtu anayeyeyusha ndala. Nikasema jirani anachoma taka. Kabla wimbo haujafika kiitikio cha pili, moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Nikaufungua, na hapo ndipo nyusi zilipokwenda. Sponji haiwaki kama kuni. Inayeyuka, inadondoka huku inawaka, na kila tone likianguka linaanzisha moto wake. Ukuta wa kushoto ulishika wote kama mtu kaumwagia petroli, na ukizingatia ile gundi, ni kama nilikuwa nimeumwagia kweli.

Nilichukua simu nikampigia mama. Mama alikuwa hatua kumi kutoka niliposimama, anachambua mchele. Alitoka na simu inaita mkononi, akatazama, akageuka akaenda moja kwa moja kwenye mita kuzima swichi kubwa, ndipo akapiga kelele watu waje. Mimi mwenye studio, mwenye vifaa, mjuzi wa nyaya, nilikuwa nimeshashika ndoo ya maji nataka kuimwagia soketi yenye umeme.

Majirani walipanga mstari wa ndoo, wengine wakabeba mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga hapo pembeni. Mmoja alipiga 114. Zimamoto walipomaliza kupoza mabaki, askari mmoja aliniuliza kama kulikuwa na mtu ndani. Nikasema hapana. Akautazama mlango, akatazama pale palipokuwa dirisha, akaandika kitu kwenye karatasi zake bila kusema neno.

Usiku ule sikulala. Nilisoma kwenye simu habari za klabu ya West Warwick, Marekani, mwaka 2003, watu 100, na ile ya Santa Maria, Brazil, mwaka 2013, watu 242. Kote huko fataki za jukwaani zilishika sponji ya kuzuia sauti. Moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi, unamwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Nikatoka na tochi, nikahesabu hatua kutoka pale anaposimama mwimbaji hadi mlangoni. Tano. Ila mlango unafungukia ndani, na watu watatu wakisukumana hapo haufunguki.

Kufikia jioni ya siku ya pili, familia ilishampata mkosaji. Yule kijana alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ndiye aliyewasha birika. Ikatosha. Mama mkubwa akasema watoto wa siku hizi hawawezi kukaa saa mbili bila chai. Mwingine akasema tulikuambia usilete watu baki nyumbani. Kijana akachukua begi lake akaondoka, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda, naangalia vidole vyangu. Nikajiambia nitasema kesho.

Mjomba alishuka kutoka Matombo siku ya nne. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akikaa sebuleni hata televisheni inapunguzwa sauti. Akauliza swali moja: hiki chumba kinajengwa, au kinarudi kuwa stoo ya mahindi? Mama akajibu kabla yangu. Kinajengwa, ila dirisha lirudi, pawe na mlango wa pili, milango yote ifungukie nje, na birika likae jikoni kwake. Nilitaka kusema dirisha litaingiza kelele. Nikakutana na macho yake, nikaona kelele zina nafasi yake duniani.

Dada akafungua daftari na kuandika kwenye grupu la ukoo: mdogo wetu amepatwa na moto, hitilafu ya umeme, tushikane mikono. Michango ikaanza kuingia. Elfu kumi, elfu tano, mwingine mifuko miwili ya saruji, mwingine jogoo. Kila simu ya dada ikilia nilikuwa nahisi kitu kinanichoma tumboni.

Mjomba ni fundi ujenzi wa zamani, na alianza kazi kwa kutofanya kazi. Siku nzima alizunguka na nyundo ndogo anagonga kuta, sikio karibu. Plasta nzima inalia kavu, iliyoachia tofali inalia kama debe. Palipolia debe akachora alama ya chaki, na siku iliyofuata tukabandua. Tofali nyingi zilikuwa salama. Juu, karibu na bati ambako joto lilikaa, zege ya lenta, ule mkanda unaofunga kuta kwa juu, ilikuwa imegeuka rangi, ina wekundu wa mbali, na ukiikwangua kwa msumari inatoka unga. Akasema zege ikifika rangi hiyo imekula moto wa kutosha, hata kama imesimama. Tukaivunja kipande hicho na kumwaga upya kwa nondo mpya.

Kenchi zilikuwa tano. Alizichonga kwa panga moja moja kuona mkaa umeingia kiasi gani. Tatu zilikuwa zimeungua ngozi tu, tukazikwangua tukazirudisha. Mbili zilikuwa nyembamba katikati, tukazitoa. Papi, zile mbao za kupigilia mabati, zote mpya. Mabati nilitaka tuyatumie tena, maana kwa mbali yalionekana hayana neno. Mjomba akalikunja moja kwa mikono, likakunjika kama kitambaa. Moto umekula zinki, akasema, msimu mmoja wa mvua litakuwa na kutu na msimu wa pili litakuwa chujio. Yakaenda kwenye banda la kuku.

Masika yalikuwa yananukia nyuma ya milima, kwa hiyo paa lilitangulia mambo mengine yote. Lingenisubiri mimi, ningeanza na rangi.

Na rangi nilianza nayo kwa siri. Mama mkubwa alikuwa anakuja kila siku saa kumi na mbili asubuhi na brashi ya kusugulia, maji ya moto na sabuni ya unga, anaosha masizi. Anaanzia chini kupanda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika kwenye ukuta mkavu yanaacha michirizi isiyotoka. Mimi niliona anachelewesha. Siku moja baada ya yeye kuondoka nikapaka rangi ya maji ukuta mmoja ambao haujaoshwa, ukapendeza sana. Baada ya wiki moja madoa ya kahawia yalikuwa yametokeza juu ya rangi kama ramani ya Afrika, na ukiukaribia unanusa moshi. Tuliukwangua wote, tukauosha, tukaupiga chokaa, ndipo ukatulia. Mama mkubwa alitazama, akasema, "Haya, umeshamaliza?" Basi.

Niseme na hili, kwa sababu watu hulipamba: msaada wa ndugu una gharama zake. Siku kumi na tisa nililisha watu sita hadi saba, asubuhi chai na maandazi, mchana ugali. Kaka mmoja aliahidi mbao, hakuonekana mpaka siku ya kupiga picha. Mjomba alibadili mahali pa mlango wa pili mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tumeshatoboa. Ukiwa na fundi wa kumlipa unaweza kumwambia bosi ni wewe. Mjomba utamwambia nini? Nilikuwa naye juu ya paa namshikia msumari kama mtoto wa darasa la nne, ananisimulia alivyokuwa akikimbilia dansi la Morogoro Jazz kumwona Mbaraka Mwinshehe, na kwamba wale walipiga muziki bila kukata godoro la mtu.

Shemeji, mume wa dada, ndiye fundi umeme wa ukoo. Alikuwa kazini Dodoma, akafika siku ya kumi na moja. Jambo la kwanza alilosema ni tusiwashe kitu chochote kilichokuwa ndani. Masizi ya nyaya na sponji yana tindikali na yanapitisha umeme, kifaa kilichonusurika moto unaweza kukiua kwa kubonyeza swichi tu. Tukaifungua kompyuta juu ya mkeka, kipande kwa kipande, tukasafisha kwa spiriti na mswaki wa watoto. Diski ya nje iliyokuwa kwenye droo ya meza ya mninga ilipona. Ya ndani ya kompyuta haikupona, na humo zilikuwamo nyimbo nane za kwaya moja iliyolipa nusu. Mwenyekiti wao alinipa pole ndefu, akamalizia kwamba pesa ile ni sadaka za watu. Niliwarekodia upya bure. Huo ulikuwa uungwana wake, maana angeweza kudai arudishiwe.

Siku hiyo hiyo mchana shemeji aliniita chumbani. Alikuwa amechuchumaa penye ile soketi. Chini karibu na sakafu moto haukuwa umefika sana, plagi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja tu, naye alikuwa ameipasua kwa bisibisi.

"Shemeji, humu ndani mnavuta sigara?"

"Hapana."

Akafungua kiganja. Fyuzi ilikuwa humo, na karatasi ya fedha imeing'ang'ania, nyeusi upande mmoja, upande wa pili bado inang'aa. Nikaitazama. Yeye akatazama pembeni, na huo nao ulikuwa ustaarabu.

"Birika wati 2,200," akasema taratibu, kama anajisemea. "AC hii ya zamani elfu moja na kitu. Weka spika, weka kompyuta. Unakaribia amp 16 kwenye kijiwaya hiki, tena kimekunjwa na kufunikwa godoro. Fyuzi ingekuwa nzima ingekata, mngekaa gizani mkalaumiana, yakaisha. Birika halina kosa, shemeji."

Akaitia kwenye mfuko wa shati. Akasema yeye ni mkwe kwenye nyumba hii, hawezi kwenda kumwambia mjomba wangu jambo kama hilo. Lakini pia hawezi kufunga waya mpya huku watu wakiamini chanzo ni kingine, kwa hiyo anakwenda kunywa maji, akirudi aanze kazi.

Nilisema wakati wa ugali. Hakukuwa na njia nzuri ya kuanza, nikaanza na pakiti ya sigara. Mjomba aliendelea kula. Akamaliza tonge, akanawa, akauliza, "Yule kijana kwao wapi?"

"Mzumbe."

"Kesho asubuhi unapanda gari."

Mama aliinuka akakusanya vyombo ambavyo havijaisha chakula. Siku mbili zilizofuata maneno yake kwangu yalikuwa "chakula kipo." Dada ndiye aliyebaki na tatizo la kiutawala. "Kwenye grupu niliandika hitilafu ya umeme. Sasa niandike nini?" Mjomba akamwambia aandike kwamba bado tunahitaji saruji mifuko miwili.

Mzumbe nilipokelewa na bibi yake, akanipa maji, akanipisha kwenye kiti chake. Kijana alitoka ndani amevaa fulana yangu ya zamani. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye daladala, nikayasema yote, vibaya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ile karatasi naijua, kaka. Nilikuona unaiweka. Mimi ndiye niliyekumulikia tochi."

Nilikuwa nimesahau. Kweli kabisa nilikuwa nimesahau kwamba usiku ule kulikuwa na mkono mwingine ulioshika tochi.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwenu?"

Nikamwomba arudi kazini. Akasema ataangalia. Bibi yake alinifungia ndizi za kumpelekea mama.

Kazi ilipoendelea shemeji alivuta laini mpya kutoka kwenye mita: waya wa milimita 2.5 wa soketi, AC na laini yake peke yake na breka yake ya kukata umeme ukizidi, taa laini yake, waya wa athi umezikwa ardhini ambao zamani haukuwepo kabisa. Soketi ziko nane, ekstensheni hakuna. Ukutani hakuna waya uliopita nyuma ya kitu laini, kila kitu kwenye bomba la plastiki linaloonekana. Kwenye picha panaonekana kama ofisi ya kata.

Ilibaki kuta. Nilichukua kipande cha sponji kilichonusurika, kipande cha blanketi zito la sufu, na kipande cha pamba ya mawe, ile inayowekwa kwenye matanuri ya mikate, shemeji alipata mabaki kwa mafundi wa matanuri. Tukaenda katikati ya uwanja na kiberiti, mama anahesabu. Kwa sponji hakufika tatu, ilikuwa tayari inadondosha matone ya moto kwenye mchanga. Blanketi lilifuka, likanuka nywele, ukiondoa kiberiti linajifia. Pamba ya mawe ilishika wekundu kidogo, ikazima, mama akaacha kuhesabu akarudi jikoni. Pamba ilitosha fremu mbili za pale anaposimama mwimbaji. Kwingine ni mablanketi kwenye fremu za mbao, zulia, na mapazia mazito.

Na hapa ndipo panaponiumiza kitaalamu: chumba kinasikika vizuri kuliko zamani. Sponji nyembamba inameza sauti kali za juu tu, besi inapita kama haioni kitu, ndiyo maana miaka sita nyimbo zangu zilikuwa zinavuma kwenye gari la mtu. Trei za mayai hazizuii chochote. Kinachozuia kelele ni uzito: tofali, mlango mnene, shata ya mbao juu ya dirisha. Bodaboda bado zinasikika kidogo. Kuna wimbo mmoja wa injili una jogoo, yule yule wa mchango, na mchungaji alikataa tumtoe.

Kijana hakurudi kazini. Alipata studio nyingine mjini. Ila mwezi wa tisa alikuja jioni moja na flash, ana wimbo wake anataka tuusikilize kwenye spika kubwa. Alisimama mlangoni kwanza, akatazama soketi moja moja, akasukuma mlango nje, akaurudisha, akausukuma tena. Viti vilikuwa vitatu. Akachukua kilicho karibu na mlango wa pili, akakivuta mpaka miguu miwili ya nyuma ikawa nje, kizingitini, ndipo akakaa na kunipa flash.